Mkwe Aliyeleta Majibu ya Udongo

Kazini walimwita Vichupa, kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila kasha lake la chupa ndogo za kioo, kila moja na kifuniko cheusi na karatasi ya jina ubavuni. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi iliyochafuliwa na viwanda. Pale palipokuwa na kiwanda cha rangi, au ghala la dawa za kuulia wadudu, yeye ndiye aliyetangulia kabla ya wajenzi. Alichota udongo, akachota maji ya visima, akapeleka maabara, kisha akasema hapa pajengwe, hapa pachimbwe, na hapa mtu asikanyage kwanza. Kazi yenyewe hakuiota utotoni. Alisomea kemia akitaka kuwa mwalimu, nafasi za ualimu zikaadimika, akachukua kibarua cha kubeba makasha ya sampuli huku akijiambia ni cha muda tu. Muda ule ukampeleka mpaka akaota mvi kisogoni, na bado alikuwa akibeba makasha.

Kazi ilimfanya awe mtu wa hadhari. Buti zake hazikuvuka kizingiti. Ovaroli alizifua mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye beseni lisiloguswa na mtu mwingine. Binti yake, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu, alikatazwa kumrukia baba mpaka baba akaoge. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, alizoea kuwaambia wateja wake, "Waume wa wenzangu wakirudi huleta zawadi. Wangu huleta onyo."

Siku kampuni yao ilipopewa kazi ya kusafisha kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri chakavu za magari, kilichofungwa zamani, Vichupa alikuwa kikaoni anakunywa chai. Bosi wake, mama mmoja mtulivu asiyepandisha sauti hata akikasirika, alitandaza ramani mezani akawa anapitisha kidole. Ndani ya ukuta, pote papimwe. Nje ya ukuta, upande ule upepo ulikopeleka moshi, zipimwe nyumba zote za mtaa wa nyuma. Kidole kikapita, kikapita, kikafika nyumba ya pembeni yenye kiwanja kirefu kilichougusa ukuta wenyewe.

Vichupa akaweka kikombe chini.

"Vipi?" bosi akauliza.

"Hapo ni kwa mama mkwe wangu."

"Uani kwake kuna nini?"

"Bustani," akasema Vichupa. "Tunakula humo kila Jumapili."

Ajabu ni kwamba ukuta ule alikuwa ameuona miaka nenda miaka rudi. Lakini aliuona kama ukuta wa ukweni, si kama ukuta wa kiwanda. Kiwanda kilikuwa kimefungwa kabla hajaoa, na mkwe mwenye adabu haendi ukweni akaanza kuchokonoa udongo. Mganga hajigangi.

"Nimpe mtu mwingine nyumba hiyo?" bosi akauliza.

Vichupa alifikiri kidogo. "Udongo auchukue mwingine, isije ikasemwa nimependelea. Majibu nitayapeleka mimi."

Mama mkwe alikuwa mjane. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda kile kile, na nyumba aliijenga karibu na ukuta ili asichelewe zamu. Alipoondoka duniani, bustani ndiyo iliyobaki kumliwaza mkewe. Alipanda spinachi, vitunguu, nyanya na karoti, akagawia majirani, na hakuna mgeni aliyetoka kwake mikono mitupu. Mtu akisifu mboga zake alisema, "Udongo huu unajua kazi."

Majibu yalipotoka, Vichupa aliyasomea ndani ya gari la kampuni, vioo vimefungwa. Alizoea tarakimu mbaya, lakini hizi alizisoma kama anasoma kidonda chake. Karibu na ukuta udongo ulikuwa umejaa madini ya risasi kupita kiwango chochote cha kuvumilika. Penye karoti yalipungua kidogo tu. Akamwona binti yake akilini, amechuchumaa pale pale, anang'oa karoti, anaifuta kwenye gauni, anaing'ata. Na yeye baba mtu amesimama pembeni, anacheka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikuwa amefua nguo miaka yote, na kilichomla kilikuwa sahanini.

Alikwenda siku ile ile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Mbona leo si Jumapili?"

Akavuta kiti barazani. Alikwisha kuwapelekea habari mbaya wenye viwanda na wahandisi wenye sauti za radi, wala hakuwahi kutetemeka. Hapa alikisogeza kiti mara mbili kabla ya kuanza.

"Mama, yale majibu ya udongo yametoka. Bustanini kuna risasi."

Mama mkwe akageuka kuitazama bustani. "Risasi? Nani amepiga?"

"Si ya bunduki, Mama. Ni madini, yale yaliyomo kwenye betri. Moshi wa kiwanda uliyabeba, yakaanguka huku. Hayaozi, wala mvua haiyaondoi. Yanaingia mwilini kwa vumbi na kwa mboga, na wanaoumia zaidi ni watoto. Yanawaharibu damu na akili, polepole, bila mtu kujua."

Mama mkwe akasema, "Mboga hizi ndizo zilizomkuza mkeo. Ana kasoro gani?"

Lilikuwa swali la mtego, na hakuna mkwe aliyewahi kuzaliwa na jibu lake. "Hana kasoro, Mama."

"Basi." Akainuka, akachukua ndoo yake ya kumwagilia, akaenda zake kwenye spinachi.

Jumapili iliyofuata walikwenda kama kawaida, mkewe akiwa amebeba mboga za sokoni kwenye kikapu. Walikuta mama amekwisha kupika zake. Mke wa Vichupa akaisogeza sahani ya mtoto pembeni bila maneno. Mama yake akaona.

"Mwambie mumeo," akasema, "chakula changu hakijaua mtu."

Mume huyo alikuwa ameketi hapo hapo, mkono ungemfikia.

"Amesikia, Mama."

"Sikumwambia yeye. Nimekwambia wewe umwambie."

Mkewe akamgeukia, uso mkavu kabisa. "Mama anasema chakula chake hakijaua mtu."

"Nimesikia," akasema Vichupa.

"Anasema amesikia, Mama."

Siku nyingine wangelicheka njia nzima ya kurudi. Siku hiyo hapana. Walipofika kwao mkewe alikaa kwenye kiti cha cherehani, hakuwasha mashine. "Niambie ukweli. Mtoto yukoje?"

"Sijui," akasema Vichupa. "Twende tukampime damu."

Bibi aliposikia alikuja mwenyewe, amevaa nguo zake za kutokea. Mjukuu wake, alisema, hachomwi sindano yeye akiwa hayupo. Ndiye aliyempakata, akamwimbia sikioni mpaka sindano ikatoka. Majibu yalipokuja waliitwa tena wote. Daktari, kijana mwenye maneno machache, alieleza kwamba risasi imo kwenye damu ya mtoto, juu ya kiwango kinachotakiwa, lakini si ya kuhitaji dawa. Chanzo kikatwe, mtoto anawishwe mikono, ale vizuri, itashuka. Kisha akauliza, "Nani mwingine anakula bustanini humo?"

Mama mkwe akakunja mkono wa gauni lake, akaunyoosha mezani.

Risasi ya damuni mwake ilizidi ya mjukuu, maradufu na ziada. Daktari akamuuliza habari za tumbo, za viungo, za usingizi, naye akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Yote hayo alikuwa akiyasingizia uzee. Walipotoka alikaa kwenye benchi la korido, mkoba magotini. Mkewe Vichupa alikuwa amempeleka mtoto kunywa maji. Vichupa akaketi mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya heshima katikati.

"Nilimpa karoti kwa mkono wangu huu," mama mkwe akasema, akiutazama mkono.

"Mama, hukujua. Aliyepaswa kujua ni mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barazani akamtazama usoni. "Wewe uliyeyusha betri?"

"Hapana, Mama."

"Basi nyamaza."

Alfajiri ya kesho yake aliamkia bustanini. Vichupa alimkuta amekwisha kufunga kitambaa puani. Akamkabidhi glavu na mifuko minene, wakang'oa pamoja. Alipofika kwenye nyanya, ambazo ndiyo kwanza zinaiva, alisimama kidogo, akashika kiuno, kisha akaendelea.

Baada ya hapo alikwenda kwa majirani. Vichupa na wenzake walikuwa wamegonga milango ya mtaa ule wiki kadhaa, na wengi waliwafungia. Wengine walisema ni ujanja wa kuwahamisha. Mzee mmoja fundi baiskeli alikuwa amewafukuza kwa pampu mkononi. Mama mkwe akasimama mlangoni pake akamwambia, "Mimi nimetoa damu yangu. Wewe unaogopa kutoa udongo?" Mzee akawekwa njia panda mbele ya wajukuu zake, akafungua geti.

Uchimbaji ulianzia kwa mama mkwe. Ukuta ulitobolewa, katapila likaingia, watu wakamwaga maji wakati wote ili vumbi lisipande, na kila lori lilifunikwa turubai kabla ya kuondoka. Mama mkwe aliletewa kiti kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, akakaa anatazama kiwanja chake kinavyokuwa shimo. Vichupa alipopita kumsalimia, mama mkwe alimuuliza, "Mnaupeleka wapi?"

"Kuna shimo maalumu, Mama."

"Karibu na mama mkwe wa nani?"

Vichupa akacheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Akaomba ruhusa kwa bosi, na keshoye wakafuata lori kwa gari dogo. Mlinzi wa dampo alisema wageni hawaingii. "Mimi si mgeni," mama mkwe akamjibu, "huo udongo ni wangu." Wakampa kofia ngumu, akaiweka juu ya kilemba chake, na kizibao cha kung'aa kikamfika magotini. Vichupa akamwonyesha shimo: tabaka la mfinyanzi limeshindiliwa chini, juu yake plastiki nene nyeusi imeungwa kwa moto, na mabomba ya kukusanya maji kuyapeleka kwenye tangi. Aliuliza maji ya tangi yanakwenda wapi. Aliuliza plastiki ikichanika nani atajua. Aliuliza nyumba ya karibu iko wapi, naye Vichupa akamwonyesha kilima, akasema iko nyuma ya kile, haionekani. Alikitazama kilima kwa muda mrefu.

"Haya," akasema.

Njiani kurudi mama mkwe akaanza kusema mwenyewe, macho barabarani. "Marehemu alikuwa akitoka zamu mkeo anamrukia shingoni na nguo zile zile. Tena akizivua alizikung'uta pale penye karoti, kila jioni. Alikuwa hapendi vumbi ndani ya nyumba. Hakuna aliyemwambia kitu, mkwe. Hata kofia ya kichwani hawakumpa."

Vichupa akapunguza mwendo.

Shimo la bustani lilijazwa udongo mpya, ukapimwa, ukawa hauna doa. Mama mkwe akapanda. Spinachi zikatoka nyembamba kama nyuzi, zikageuka njano, zikalala. Akamwita mkwewe, safari hii bila mjumbe.

"Udongo wako ni safi kama sahani iliyooshwa."

"Ahsante, Mama."

"Na hauna kitu, kama sahani iliyooshwa."

Ilikuwa kweli. Udongo ule ulitoka chini sana, haukuwahi kulisha mmea. Ikabidi itafutwe samadi, na Vichupa akashindwa kujizuia, akaipima kwanza. Mama mkwe alisimulia jambo hilo mtaa mzima: mkwe wangu amepeleka kinyesi cha ng'ombe maabara, kimefaulu. Mvua zilizofuata majani yakawa mapana.

Damu ya mtoto ilisafika mapema. Ya bibi ilishuka kwa kujivuta, na daktari akaeleza kwamba mifupa huihifadhi risasi, kisha huitoa kidogo kidogo. "Hiyo mifupa yangu kweli," bibi akasema. Tumbo lilipungua kumsumbua, magoti hapana. Aliendelea kwenda kupimwa, na kila mara alimpitia yule fundi baiskeli ili naye asikwepe.

Ndani ya ukuta wa kiwanda maghala mapya yalianza kuota. Kampuni ikampeleka Vichupa upande wa pili wa mji, kwenye kiwanda cha ngozi kilichofungwa kando ya mto. Wenzake waliteremsha vifaa getini wakamngojea afungue kasha. Yeye alikuwa amekwisha kuzunguka nyuma, nje ya uzio, akitembea taratibu na kuangalia kamba za nguo, visima, na viwanja vilivyolimwa. Kwenye nyumba ya kwanza akabisha hodi. Mwanamke mmoja mtu mzima alifungua mlango, mikono ina unga.

"Shikamoo, Mama. Naomba kukuuliza. Huko nyuma unapanda nini?"