Sweta la Kijani kwenye Picha Isiyo na Rangi

Habari hii naisimulia kwa ruhusa ya binti mwenyewe. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna mtu aliisimulia kabla yangu bila kumwomba yeyote ruhusa, tena kwenye maikrofoni, na mpaka leo nikimwona njiani navuka upande wa pili.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na cha fundi viatu vimetenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba akipiga nyundo, pini zangu zinacheza kwenye kopo. Tumekaa hivyo miaka kumi na mitano. Mkewe alifariki mwaka wa tatu, akamwachia binti mmoja, ambaye amelelewa nusu kwake na nusu kwangu. Sare zake zote za shule nilizishona mimi. Fundi mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Ukimpelekea kiatu kilichokufa kabisa atakigeuza huku na huku, atasema "Kesho," basi.

Ajabu ni kwamba kwa huyo bubu wetu ndiko kulikokuwa na baraza la sinema. Ukumbi wa picha uko ng'ambo ya barabara, na kila Jumatatu waliokwenda Jumapili walikuja kukaa kwenye benchi la fundi kutoa hukumu. Muuza mkaa alipenda picha za ngumi tu. Mapenzi, alidai, yanamletea usingizi. Mwalimu mstaafu alikuwa na picha moja aliyoiona ujanani, pamoja na mchumba ambaye mwishowe hakumwoa, na kila alipoisimulia yule mchumba alizidi kuwa mzuri. Mimi ni mtu wa vilio. Sinema isiponitoa machozi naona nimepotezewa muda.

Mfalme wa baraza alikuwa Kasuku. Picha nyingi zilikuja kwa lugha tusizozijua, kwa hiyo Kasuku alikaa mbele na maikrofoni, akapunguza sauti ya picha, akawasemea wote: mzee, mrembo, jambazi, hata mbwa. Tulijua anatia chumvi, na tulimpenda kwa chumvi hiyo hiyo. Yeye na fundi walikuwa marafiki wa kushibana. Mmoja ana maneno ya kugawa, mwingine hana hata ya akiba.

Sasa nitakalolisema mimi nililijua baadaye. Binti hakuzaliwa na fundi wala mkewe. Fundi alimkuta asubuhi moja mlangoni pa karakana yake ya zamani, katika mji mwingine, kichanga kimefungwa kwenye sweta la kijani la kiume, mkono mmoja wa sweta umekatwa. Walitoa taarifa polisi, wakasubiri, hakuja mtu. Wakamlea kihalali, kisha wakahama, asije jirani mwenye mdomo akamwambia mtoto kabla yao. Sweta lilikaa sandukuni nyumbani. Binti alilijua, aliambiwa ni la babu.

Fundi alipanga kumwambia akishamaliza mitihani ya uuguzi. Tatizo lilikuwa namna ya kusema. Miaka yote hiyo alikuwa akiyatafuta maneno, na kwa kuwa rafiki yake ndiye bingwa wa maneno, akamwendea. Kasuku akawa anamsikiliza akifanya mazoezi. "Hapo umesema vizuri, kaka," alimwambia. "Usibadilishe hata neno."

Jumapili moja, zikiwa zimebaki wiki tatu mitihani ianze, binti alikuja kupumzika na tukaenda picha sisi watatu. Alikaa katikati yetu. Ilikuwa picha ya zamani ya mzee wa reli na binti yake, picha ya kimya kimya, watu wanatazamana zaidi kuliko kusema. Muuza mkaa alishaanza kukoroma. Walipofika stesheni, mzee akamwinamia binti amfunge kamba ya kiatu, na Kasuku akashusha sauti.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikukuzaa. Nilikukuta asubuhi mlangoni, umefungwa kwenye sweta la kijani, mkono wake mmoja umekatwa. Nilikuinua nikiwa fundi tu. Uliponyamaza mikononi mwangu, nikawa baba."

Ukumbi mzima ulilia. Muuza mkaa aliamka, naye akalia. Mimi nilipiga makofi, na hilo silisamehe mpaka leo. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe tupu, na mimi mwenye kushinda na vitambaa sikujiuliza kijani kimetoka wapi.

Binti alijiuliza. Nilimwona anageuka kumtazama baba yake. Fundi alikuwa anatazama magoti yake mwenyewe, na mtoto akapata jibu papo hapo.

Akatoka, fundi nyuma yake, nami nikawafuata nikidhani kuna mtu anaumwa. Niliwakuta kwenye ukuta wa ukumbi, juani.

"Ni kweli, baba?"

"Ni kweli, mwanangu. Nilitaka umalize kwanza—"

"Nani amemwambia?"

Fundi akageuka kuutazama mlango wa ukumbi.

"Umemwambia yeye kabla yangu," binti akasema. "Wote wamesikia wakati mmoja na mimi. Na wamepiga makofi, baba."

Nilikuwa bado nimeshika leso yenye machozi ya ile picha. Nikaificha. Binti alichukua mkoba wake, akarudi hosteli ya chuo alasiri ile ile bila kuaga.

Jumatatu baraza likajaa. Wote walisema kitu kimoja: hawajawahi kuona picha kama ya mzee wa reli. Mwalimu mstaafu alimsahau hata mchumba wake. Kasuku akaja kuchukua sifa zake, kichwa kimevimba, na kiatu chake alichokuwa amekiacha kushonwa.

"Lile sweta umelitoa wapi?" fundi akamwuliza, mbele ya watu.

Kasuku akacheka kidogo. "Ah, kaka, lilikuja tu. Yule mzee alikuwa amenyamaza sana, watu wanaanza kusinzia. Si umeona walivyolia? Na jina lako sikulitaja."

"Nilikupa unitunzie."

"Jina sikulitaja, kaka."

Fundi akamrudishia kiatu chake, soli ikiwa imening'inia vile vile. Tangu nimjue, ndicho kiatu pekee alichokitoa kabla hakijapona. Watu wakaondoka mmoja mmoja, na baraza likafa siku hiyo.

Wiki tano binti hakupiga simu. Fundi alipiga nyundo tangu asubuhi mpaka kufunga, hata pasipo na kazi. Roho iliniuma kwa ajili yake, na pia nilimkasirikia. Anamfanyia mazoezi Kasuku, na mwenye habari yake yuko chuoni anasoma! Nilimwambia hivyo usoni. Akasema, "Najua," akaendelea kupiga nyundo.

Kisha mchana mmoja binti akatokea. Mitihani alikuwa ameimaliza. Alinisalimia, "Shikamoo shangazi," akaingia kwa baba yake, na kupitia mbao nikasikia sauti ya picha kwenye simu. Alikuwa ameitafuta ile ya mzee wa reli na kuipata, ikiwa na maandishi chini kwa lugha anayoisoma.

"Tazama hapa stesheni," akasema. "Unajua anamwambia nini anapomfunga kiatu? Anamwambia, 'Treni imechelewa.' Basi, baba. Hana siri yoyote."

Sauti ya picha ikazimwa.

"Sasa nataka uniambie wewe. Kwa mdomo wako."

Nilimsikia akiweka nyundo chini, akikohoa, akivuta kiti. Mtu aliyejiandaa zaidi ya miaka ishirini.

"Mwanangu," akaanza, "mimi sikukuzaa. Nilikukuta asubuhi mlangoni, umefungwa kwenye sweta—"

"Hapana, baba," binti akasema taratibu. "Hayo nimeshayasikia ukumbini."

Hakuwa na mengine. Yale ndiyo aliyokuwa nayo, na yalikuwa yake, na Kasuku alikuwa ameyamaliza. Upande wa pili hakuna aliyeondoka. Nami nikakanyaga cherehani bila kitambaa, muda mrefu, ili wasidhani nasikiliza.