Karatasi Iliyosema Hakuna

Siku yangu ya kwanza maabara, hapa Mpanda, Mkuu wa Maabara alinipa konokono na glasi ya maji. "Waweke juani, binti, halafu chungulia." Nikachungulia kwenye hadubini, nikaona viluwiluwi wa minyoo wakitoka kwenye konokono, mikia imegawanyika kama panda ya manati. Mkia huo ni alama ya kichocho. Lakini kichocho cha ng'ombe nacho kina mkia ule ule, na jicho haliwezi kuvitenganisha. Hapo lazima upime vinasaba, na mashine yake ilikuwa Dar.

Mkuu aliyefuata alipenda mihuri kuliko hadubini. Konokono wa bwawa moja la kijiji cha Magamba walipotoa viluwiluwi wenye panda, Mama Kulwa, kiongozi wa akina mama wa pale, aliwazuia wenzake kuchota mpaka majibu yatoke. Nikaomba spiriti ya kuhifadhia sampuli.

"Spiriti ni ya vidonda. Fomalini ipo tele."

"Bosi, fomalini inatunza umbo tu. Vinasaba inaviharibu."

"Wewe kazi yako kuchungulia. Chungulia."

Sampuli zikaenda Dar ndani ya fomalini. Majibu yakarudi: hakuna vinasaba vilivyopatikana. Yeye akaandika chini yake, kwa mkono wake, "Hakuna kichocho," akagonga muhuri. Mpaka leo nikikumbuka mlio wa muhuri ule damu inanichemka!

"Bosi, kukosa majibu siyo kukosa ugonjwa."

"Umesoma kuliko watu wa Dar? Peleka karatasi."

Nikaipeleka.

"Kwa hiyo tuchote tu, dada?" Mama Kulwa aliuliza.

"Karatasi inasema hakuna," nikamjibu.

Wakachota, wakafua, watoto wakaogelea. Baadaye binti yake, Kulwa, akaanza kukojoa damu. Nikarudi bwawani, safari hii na spiriti niliyoinunua mwenyewe, na Dar wakajibu bila kusita: kichocho cha watu. Kulwa alipewa vidonge akapona. Mkuu naye akapandishwa cheo.

Siku nastaafu alikuja kuniaga. "Mama huyu," akawaambia watu, "hakuwahi kunipa shida." Wakapiga makofi, nami, mjinga mimi, nikatabasamu.

Nyie mnaoingia maabara sasa mna mashine nzuri. Mihuri nayo bado ipo.

Mama Kulwa akinikuta sokoni Makanyagio bado huniita mtaalamu, na hunichagulia mchicha mzuri. Sijawahi kumwambia kwamba siku ile, karatasi ikiwa mkononi mwangu, nilikuwa najua.