Aliniacha kwa Kizungu, Baba Akaitikia Amin

Siku mchumba wangu aliponiacha, baba yangu aliitikia "Amin".

Sitanii, jamani.

Naitwa Shadia, mtoto wa Ujiji, Kasingirima. Mchumba wangu Jumanne alikuwa na kazi kwenye shirika moja Kibondo, ofisi ya Kizungu kitupu. Siku hiyo alikuja nyumbani na mama yake, Bi Fatu, tupange tarehe ya ndoa. Shangazi kakaanga samaki, migebuka wa ziwani, sebule imejaa wazee.

Jumanne akasimama, akakohoa.

"I hereby terminate this engagement, with immediate effect."

Baba akadhani ni dua ya wasomi. Akaitikia. Bi Fatu akapiga kigelegele.

Mimi nilielewa. Eti kuanzia dakika ile uchumba umevunjwa rasmi. Kama mtu anafukuza mlinzi kazi.

Sikulia. Mwili wote uliingia ganzi. Nikawa natazama tu miba ya samaki kwenye sahani ya mjomba.

Baba akaniomba nimtafsirie.

Jumanne akanikazia macho, macho ya kuomba. Hapo ndipo nikajua alichopanga: niseme mimi, yeye atoke msafi.

"Baba, Kiswahili anakijua," nikasema. "Arudie mwenyewe."

Kizungu kilichonyooka vile, Kiswahili chake kikagoma.

"Nimeoa," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kule Kibondo. Tuna mtoto wa kike. Mke wangu kaniambia nichague."

Bi Fatu alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga. Hata yeye alikuwa hajaambiwa kwamba ana mjukuu.

"Anaitwa nani?" akamuuliza mwanawe.

"Fatu, mama."

Yule mama aliinuka upande wa mwanawe, akaja kukaa mkekani kando yangu, akanishika mkono. Niliuona ule mkono. Sikuusikia.

Baba aliwaaga kwa adabu, akaingia ndani. Mimi nikakusanya vyombo nikaosha.

Mpaka leo sijalia. Mtaani wanasema nina roho ngumu. Wacha waseme.

Ila dada zangu, mtu akikuacha kwa maneno ya ofisini, usimsaidie kutafsiri. Mwambie arudie kwa lugha anayoongea na mama yake.

Sababu iko huko.