Fundi wa Digrii Ishirini

Pale karakana ya kiwanda walimwita Digrii, na jina alijipa mwenyewe. Shule aliiacha darasa la sita, lakini ulimi aliondoka nao mzima. Mtajie msomi tu, anakurukia: "Ana digrii ngapi? Moja? Mimi ninazo ishirini!" Ishirini zenyewe ni digrii za mlalo wa meno ya gia anazochonga, yale meno ya mshazari, yaliyokaa upande kama kofia ya mlevi.

Sasa gia zake tatu za mtambo wa kukamua mafuta zilikuwa zimekatika meno, moja baada ya nyingine. Meneja akasema ya nne ipimwe. Kosa likiwa la mkono, gia zitaagizwa nje, na Digrii aende stoo kugawa bolti. Miaka ishirini na sita ya kuchonga, halafu bolti!

Na mpimaji aliyeletwa ni nani? Shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe. Injinia. Huyo huyo ambaye Digrii alimfundisha baiskeli, akalia wiki nzima.

Siku ya tatu shemeji alikuwa amejikunja chini ya mtambo, anabandika kibandiko chembamba kama ganda la kitunguu kwenye shina la jino, katikati kabisa. Jino likipinda, hata kiasi ambacho jicho halioni, kibandiko kinavutika na namba inatokea kwenye kioo. Mia nne ndio mwisho wa usalama wa chuma kile. Wakazungusha gia polepole, imebeba mzigo. Mia mbili na kumi. Jana mia mbili na kumi. Juzi vilevile.

"Jino liko salama," shemeji akasema, uso umemkunjamana. "Halafu linakatika. Basi chuma kibovu, au wewe."

"Au wewe! Siku tatu unapima jino pasipouma! Daktari wa meno gani huyu?"

"Shemeji, usinitie wazimu. Kitabu kinasema katikati."

"Hicho kitabu kimewahi kukatika jino?"

Digrii akatupa tambara, akamwaga mezani meno yaliyokatika. Yote yalikuwa yamemeguka pembeni.

"Jino lililonyooka linakanyaga lote kwa mpigo. La mshazari linatembea kama mtu: kisigino, unyayo, vidole. Wewe umekaa unyayoni, mama, na ajali iko kisiginoni!"

Shemeji akakwangua gundi, akasugua chuma upya, akabandika kwenye pembe zote mbili za jino, wakangoja gundi ikauke huku Digrii akitamba karakana nzima kwamba leo vyeti vitachanwa.

Wakazungusha. Pembe ya mbele: mia sita na arobaini.

"Umeona!" Digrii akajipiga paja.

Shemeji hakucheka. Alingoja mzigo utembee hadi pembe ya nyuma. Kumi na tano. Basi.

"Huku nyuma mzigo haufiki," akasema taratibu. "Ekseli nimeipima, imenyooka. Mshazari wako ndio haulingani na wa gia mwenzake. Umeulaza zaidi, kama robo digrii. Pembe moja inabeba kila kitu."

Digrii akachukua kipimo mwenyewe. Akapima mara moja, mbili, tano. Akakifuta, akakigeuza, akakitukana mpaka ukoo wake. Robo ikabaki robo.

"Niandike nini, shemeji?" Karatasi ya meneja ilikuwa gotini, peni imesimama.

Digrii akaangalia mashine yake ya kuchongea, akaangalia mlango wa stoo.

"Andika robo," akasema. "Na uandike ni nani aliyekuonyesha pa kubandika. Kwa herufi kubwa."