Simu ya Kabla ya Ukaguzi

Mama yangu hakuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi mara tatu, hata ikiwa nyumba ya mwanawe mwenyewe. Ya tatu isipoitikiwa, aligeuka akarudi na alichokuja nacho. Nami nilipopewa kazi ya kukagua vituo vya matibabu huku kusini, kuanzia Ukunda mpaka Msambweni ninakokaa, adabu hiyo nikaibeba nikaipeleka kazini. Sheria ilinipa ruhusa ya kutokea wakati wowote, bila taarifa. Mimi nikaona ni ukosefu wa haya kumvamia mtu pahala pake pa kazi kama askari anayemsaka mwizi. Kwa hivyo siku moja kabla, baada ya alasiri, nilikuwa nikipiga simu. Assalaam aleikum, kesho inshallah nitapita hapo kwenu.

Mwenzangu mmoja wa kutoka bara alinicheka. "Madam, wewe huendi kukagua, unaenda kutembea." Nikamwambia kwao wana desturi zao na sisi tuna zetu. Nilijiona mstaarabu kweli kweli, na leo nikikumbuka nilivyomjibu kwa maringo, natamani ardhi inimeze.

Kliniki ninayoisema ilikuwa Diani, ya kurekebisha macho kwa leza ili mtu aachane na miwani. Kazi yao ni kuchonga sehemu ya mbele ya jicho kwa kiasi kidogo mno, na leza ile adui yake ni unyevu. Huku kwetu hewa yenyewe nusu ni maji. Chumba cha leza lazima kiwe na mashine ya kukausha hewa inayofanya kazi siku zote, na kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, leza hujaribiwa juu ya kipande cha plastiki. Kipimo chake na unyevu wa chumba huandikwa daftarini. Kazi yangu mimi ilikuwa kukikagua chumba na kulisoma daftari.

Nilipofika, msimamizi alikuwa ameshasimama mlangoni ananingoja. Mama wa makamo ya mama yangu, leso begani, mpole wa sauti. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanikalisha, akaniletea dafu lililokwisha katwa na mahamri ya moto. Nilikula. Ningeyakataaje? Kisha akanipeleka ndani. Chumba kikavu, baridi, kinanukia dawa. Mashine ya kukausha hewa ilikuwa pembeni inavuma, na sakafu iliyokuwa imepigwa deki vizuri ilikuwa na michirizi ya magurudumu kutoka mlangoni hadi pale iliposimama. Niliiona. Nikafungua daftari. Miezi mitatu ya masika, wakati ambapo chumvi jikoni kwangu huwa uji, unyevu wa chumba kile haukupanda wala kushuka. Kalamu moja, mwandiko mmoja, umelala upande mmoja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Nililijua daftari la namna ile. Mtu aliketi mara moja akaliandika lote. Swali lilinifika ulimini, nikamtazama yule mama, naye akanitabasamia akaniuliza kama mahamri yalikuwa na iliki ya kutosha. Wallahi, sikuweza. Nimwambie nini mtu mzima niliyemwamkia shikamoo na kula chake, kwamba ni mwongo? Nikajitia hamnazo. Nikaweka tiki zangu zote, nikatia sahihi, nikaaga.

Sasa, dada yangu ana binti, naye ndiye aliyenifanya niandike haya. Binti huyu hushona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi peke yake. Kofia moja humchukua miezi. Masharifu humtumia watu kutoka mbali kuja kumwagiza. Tangu darasa la nne alivaa miwani mizito, na joto la huku likimtoa jasho, miwani humteremka puani kila baada ya mshono. Aliposikia habari ya kliniki ya Diani, alikuja kwangu kabla ya kumwendea mtu mwengine yeyote.

"Mama mdogo, wewe ndiye unayejua. Pale ni pahala pa kuaminika?"

Nilikuwa napepeta mchele. Mkono wangu haukusimama hata kidogo. Nikamwambia, "Pale nimepakagua mwenyewe."

Hilo lilikuwa jibu langu. Ningeweza kumwambia asubiri kwanza, niende tena nikatazame. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri, na mimi nilikuwa nimeshajisahaulisha. Akaenda na furaha zake.

Jicho la kushoto lilitoka zuri. La kulia lilimwonyesha kila kitu kina kivuli chake ubavuni, sindano mbili, nyuzi mbili, kitobo kimeingiliana na kitobo cha jirani. Walimwambia asubiri, litatulia. Alisubiri mpaka mwezi wa Mfunguo Tatu ukaisha. Daktari wa Mombasa alimpima akatwambia jicho lilichongwa pasipo usawa, na kwamba hapana miwani itakayolirudisha lilivyokuwa. Hakutwambia ni kwa sababu ya nini. Hakuwa na haja ya kuniambia mimi.

Nilimsindikiza kliniki siku ya kurudi kuangaliwa, na safari hii sikupiga simu, maana nilikwenda kama mama wa mgonjwa. Wakati anapimwa, nikapita mbele ya chumba cha leza, mlango uko wazi. Pembeni pale hapakuwa na kitu. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatoka jasho. Nikamuuliza muuguzi aliyekuwa akipanga faili iko wapi mashine ya kukausha hewa, naye kwa nia njema kabisa akanijibu, "Ile ya kwetu iliharibika zamani. Tukikaguliwa tunaazima ya wenzetu. Bahati nzuri wewe hutupigia simu mapema, si kama wengine. Wewe una adabu, mama."

Nilirudi kwenye benchi kumngoja amalize kupimwa. Jioni ile niliandika ripoti ya kweli, daftari, magurudumu, kila kitu, na pia kwamba niliyaona mwanzo nikanyamaza. Chumba kikafungwa. Mimi nikapewa onyo, nikalipokea. Yote hayo yalikuwa sawa na hayakumfaa kitu yeye.

Ilinichukua wiki mbili kumwendea. Wiki zote hizo nilikuwa nikimsikia akiwaambia watu kuwa kliniki haina makosa, mama mdogo wake aliikagua, yeye ni bahati yake tu ndiyo mbaya. Kila akisema hivyo nilikuwa natoka nje. Mwisho nikapiga moyo konde nikaenda. Nilimkuta amekaa mkekani, kofia moja iliyofika nusu mapajani, jicho la kulia amelifunga kwa kitambaa ili lisimsumbue lile zima. Nikamweleza yote, kuanzia simu mpaka mahamri.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja tu. "Siku ile nilipokuja kukuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakulia, wala hakunitukana, na ningalipenda afanye mojawapo. Aliishika sindano akainyoosha kwangu pamoja na kidonge cha uzi mweupe. "Basi nitungie. Na kesho uje unitungie tena."

Tangu hapo humwendea kila asubuhi kabla ya kazi. Namtungia sindano kumi na mbili, nazichomeka kwenye kijimto chake kwa safu, zinamtosha hadi magharibi. Kliniki na zahanati zote siku hizi naingia bila kupiga simu, na najua wanasema nimeharibika, nimekuwa mtu wa bara. Kwake yeye tu ndiko ninakopiga hodi. Siku nyengine hunyamaza mpaka ya tatu ndipo anaitika, nami husimama pale mlangoni nikangoja, sigeuki.