Vidole Vinne vya Makarius

“Na unga huo urudi kwenye debe, baba Doris! Ukuta hauli ugali!”

“Ni ncha za vidole tu, mama Doris. Bila unga kocha ataonaje nilipogusa?”

“Ncha za vidole! Tangu masika ukuta huu umekula dona kuliko mwanao. Bado kidogo utatuomba na mboga.”

Hildegarda alikuwa na ungo kiunoni. Makarius, mumewe, alikuwa chini ya ukuta wa nyumba yao hapo Kilosa, viganja vyeupe kama mtu aliyefumaniwa jikoni. Jumapili hiyo kocha Godfrey, wa timu ya mpira wa wavu ya Mikumi, alikuwa anakuja kumpima. Miezi mitatu nyuma alichora mstari wa mkaa pale vidole vya Makarius vilipofika, akatia na sahihi yake kama hakimu, akasema, “Ongeza vidole vinne juu ya hapa, nafasi yako ipo. Usipoongeza, endelea na mbegu zako.”

Mbegu zenyewe ni za shamba la Kilangali, ambako Makarius amebeba magunia tangu ndevu zilipomwota. Babu yake alikuja kukata mkonge Rudewa. Baba yake akakata mkonge mpaka kazi ikaisha. Yeye, na miaka yake thelathini na mmoja, magoti yakilia kama mlango wa kanisa, aliona ukoo umeinama vya kutosha. Sasa uruke.

Basi akaruka. Aliruka kichurachura kutoka relini mpaka mtoni, bata wakampangia foleni nyuma wakidhani wamepata kiongozi. Lomayani, Mmasai anayewaletea maziwa, alimhurumia akamfundisha: “Kisigino kisiguse chini, rafiki yangu. Kikigusa, umeshakaa.” Makarius alilishika neno hilo hata kanisani akapokea komunyo amesimamia vidole vya miguu. Na wapo wanaoapa kwamba Jumamosi moja aliruka chai ikichemka, akashuka imeshapoa, na unyoya wa korongo mdomoni. Asiyeamini akawaulize bata.

Na kweli, kila alipojipima alikuwa amepanda. Mara kidole na nusu, mara vitatu, na wiki hii vinne kamili. Akaanza kuinama akiingia mlangoni, akawatangazia majirani kwamba mazoezi yanarefusha hata mifupa.

Hildegarda alisikia hayo yote. Mto Mkondoa ukifura, wanawake wa mtaa ule hujaza kifusi kuzunguka nyumba ili maji yasiingie. Tangu mstari uchorwe, yeye alijaza mara mbili, toroli kwa toroli, akashindilia kwa mchi, bwana akiwa Kilangali. Jumamosi bwana akirudi, anakanyaga, anaruka, anashangilia. Mwanamume haoni ardhi iliyombeba, anaona mstari wake tu. Mara ngapi alitaka kumwambia! Lakini mtu akifurahi vile, unaanzia wapi?

“Tukihamia Mikumi,” Makarius aliendelea, akijikung’uta unga, “nitaruka mpaka twiga wa mbugani waniamkie shikamoo.”

Hildegarda akaweka ungo chini. “Baba Doris, umesimama juu ya kifusi.”

“Juu ya nini?”

“Kifusi. Nilijaza mimi, mara mbili. Vidole viwili, au vyote vinne, Mungu ndiye anajua. Mimi sina mkaa wala sahihi.”

Makarius akacheka. Akautazama mlango, ule anaouinamia siku hizi, na kicheko kikakatika.

“Nani mwingine anajua?”

“Mimi na toroli.”

“Basi vizuri. Toroli halina mdomo.”

“Na huko Mikumi utaenda na kifusi begani? Kila mpira ukija, ‘Ngojeni kwanza jamani, nimwage kidogo’?”

Makarius alinyakua jembe akafukua chini ya mstari, mpaka likagonga ule udongo mgumu wa zamani. Akaingia shimoni. Safari hii Hildegarda mwenyewe alimshikia debe la unga, wala hakuhesabu ncha za vidole. Makarius akaruka. Akaruka tena, visigino havigusi, uso umemvimba kama andazi. Unga ukakaa juu ya mkaa.

Vidole viwili.

“Viwili,” alisema akihema. “Hivi ni vyangu.”

“Ni vyako,” Hildegarda akakubali. Alitafuta neno la kumcheka, asilipate. Viwili, kwa magoti yale!

Lakini kocha alitaka vinne. Makarius akaifuta ile alama ya unga kwa kiganja, akatoka shimoni, akaanza kurudishia udongo mbiombio.

Hildegarda akakanyaga jembe.

“Toa mguu, mama Doris.”

“Sitoi. Utamwonyesha viwili.”

“Viwili vitanirudisha kwenye magunia!”

“Na vinne vya kifusi vitakurudisha mchezo wa kwanza, watu wakiangalia. Chagua aibu ya hapa nyumbani au ya uwanja mzima.”

“Kila siku unanicheka wewe, leo ndiyo umejua aibu? Toa mguu, nakwambia, kabla huyo mtu haja—”

“Hodi wenyewe!”

Kocha Godfrey alikuwa ameshaingia uani, kofia ya pikipiki mkononi, akiliangalia shimo.