Fungu la Makonyo

Nilirudi ghalani miaka michache baada ya Mapinduzi, mwanangu akiwa na umri wa kutembea na bado hajakaa kitako. Kiuno kilimshinda, shingo ilimshinda. Ghala lilikuwa Malindi, karibu na bandari, na kazi yetu wanawake ilikuwa kuchambua karafuu, yaani kuzitenga na vijiti vyake, ambavyo tunaviita makonyo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama mikono ya wenzangu, na kwa vile naogopa kukosea, ungo wangu ulikuwa safi kuliko nyungo zote na ndio uliokuwa wa mwisho kujaa.

Mama ndiye aliyekuwa akinishikia mtoto. Kwao Jambiani, mtoto kama huyu huchimbiwa shimo mchangani, akafukiwa mpaka kiunoni ili akae. Kisha mama akaugua, akarudi kwao. Ghalani, asiyeonekana nafasi yake hupewa mwingine. Nikaenda na mtoto.

Nasema kweli, sikutaka. Niliipenda kazi ile kwa sababu saa zile nilikuwa simtazami.

Nilichimba shimo katika fungu la makonyo, nikatandika kanga, nikamtia. Akakaa. Mikono yake ikawa huru. Akashika kijiti kimoja, akakitazama.

Msimamizi akaja.

"Bi mdogo, hapa si mahala pa kulelea. Huyu kazi yake nini?"

Bibi mmoja mzee, jirani yangu wa kulia, akajibu bila ya kuinua kichwa:

"Analinda makonyo. Wewe kutwa u kitini, unalinda nini?"

Wanawake wakacheka. Msimamizi hakucheka.

"Akilowesha karafuu, nyote wawili nje. Nshasema."

Siku ile macho yalikuwa kwa mtoto, na kwa mara ya kwanza makonyo yalibaki katika ungo wangu. Niliyaona. Nikamwaga, nikaanza upya.

Alasiri wachukuzi walikuja kuyatia makonyo maguniani, wakaanzia fungu lake. Kila beleshi likichota, mtoto aliinama upande. Niliogopa kunyanyuka, nisije nikaonekana nimeacha kazi. Msimamizi akasema kutoka kitini, uso kautazamisha mlangoni:

"Anzeni upande ule. Hili mwisho."

Nikaendelea kuchambua. Kesho yake nilikwenda na kanga mbili, moja ya kumbadilishia.